Stika ya 531 isikupagawishe, pima kwanza posti ya siti

Kuna homa imeingia kwa wapenda baiskeli wa hapa Dar, fremu ya mtumba ikionekana tu na stika ya Reynolds 531, yani aina ya mabomba ya chuma ya kampuni ya Reynolds ya Uingereza, hata iwe imebanduka nusu, bei inapanda palepale, na muuzaji ambaye wiki iliyopita alikuwa anaiita baiskeli ya kizee leo anaiita fremu ya mashindano. Mi 531 naipenda, ni chuma kizuri sana, ila naona watu wanalipia namba bila kujua hiyo namba inawauzia nini, alafu pembeni hapo kuna fremu ya kromoli (chuma chenye kromiamu na molibdenamu) ya Kijapani haina jina la kutisha, imelala na vumbi, hakuna anayeigusa. Kwaiyo leo niandike kuhusu daraja za chuma cha mabomba ya fremu, nani ni nani, na wapi tofauti ipo kweli na wapi ni maneno ya dukani.

Tuanze na jambo ambalo nikilisema kijiweni watu wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Chuma chote kina ukakamavu karibu uleule. Chuma cha kawaida kabisa cha mabomba ya haiteni, yale ya bei rahisi, kromoli, 531, 853 ya Reynolds haohao, vyote vinacheza kwenye gigapaskali (kipimo cha ukakamavu) 200 mpaka 210, na uzito wake pia ni uleule, gramu 7.85 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Maana yake ukichukua mabomba mawili yanayolingana upana, unene na urefu, moja la bei ya chini kabisa na lingine la kifahari, ukayabana upande mmoja na kuning'iniza mzigo uleule upande wa pili, yatanesa sawa na yatakuwa na kilo sawa. Hilo la kifahari halina siri yoyote ya kukulainishia barabara.

Sasa pesa inaenda wapi? Inaenda kwenye nguvu, yani kiasi gani unaweza kulibebesha bomba kabla halijapinda na kubaki limepinda, au kukatika kabisa. Hapo ndo daraja zinaachana, na zinaachana mbali. Reynolds wenyewe wanatoa namba za nguvu za mabomba yao kwa megapaskali: 525, ambayo ni kromoli, iko 700 mpaka 900, 631 ni 800 mpaka 900, 725, ambayo ni kromoli iliyopikwa motoni, inafika 1080 mpaka 1280, 853 inagonga 1250 mpaka 1400, na 953 ambayo ni chuma kisichoshika kutu kirahisi iko 1750 mpaka 2050. Haiteni ya kawaida wala haisogelei hata hiyo ya kwanza. Na ukiwa na chuma chenye nguvu mara mbili mtengenezaji anapata ruhusa ya kulifanya bomba jembamba, basi, hiyo ndo faida yenyewe. Ukinunua daraja unanunua wembamba wa bomba.

Nimepiga hesabu na simu hapa tuone. Bomba la upana wa milimita 28.6, ambao ndo upana wa bomba la siti na bomba la chini kwa fremu nyingi za zamani, likiwa na ukuta wa milimita 1.6 mita moja yake ina kilo moja na gramu 65. Lifanye liwe na ukuta wa 0.9, inashuka mpaka gramu 615. Lifanye 0.6 unabaki na gramu 414. Kwa mabomba matatu makubwa ya fremu ya mtu wa kawaida, ukilinganisha hiyo 1.6 na bomba zuri lenye 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati, unaokoa kama kilo moja. Kilo moja ni nzuri, sikatai, ila mtu anayeuziwa fremu kwa bei mara tatu na kuambiwa itapaa ajue anaongelea kilo moja, wakati ringi na tairi alizofunga mwenyewe zinaweza kuwa zimemzidishia uzito huohuo, tena mahali ambapo anausikia zaidi kila akikanyaga pedeli.

Hilo la bomba nene kwenye ncha na jembamba katikati ndo uvumbuzi mkubwa kuliko hata chuma chenyewe kwa maoni yangu. Familia ya Reynolds walikuwa watengeneza misumari Birmingham kule Uingereza, biashara ya mwaka 1841, misumari kabisa ya kugongea mbao. Baiskeli zilipoanza kushika moto kulikuwa na tabu: bomba jembamba linafaa katikati, lakini kwenye maungio, pale joto la kulehemu linapochoma na pale mzigo unapokusanyika, linakatika. Mwaka 1897 Alfred Reynolds na mwenzake Hewitt wakasajili njia ya kulifanya bomba liwe nene ncha zote mbili kwa ndani huku kwa nje upana haubadiliki, ukiangalia huoni kitu. Mpaka leo fremu yoyote ya maana ya chuma inafuata wazo hilohilo. 531 ilikuja baadaye, 1935, chuma chenye manganizi na molibdenamu, na kilikaa kileleni kwa miongo mingi, hadi fremu ya mbele ya gari la Jaguar E-Type imetengenezwa kwa mabomba ya 531. Kwaiyo heshima yake ni ya haki, sibishi.

Ila 531 ina tabia zake. Haipendi kuchomelewa moja kwa moja, inataka kulehemiwa, yani kuunganishwa kwa shaba au fedha kupitia lagi, vile vikombe vya chuma unavyoviona kwenye maungio ya baiskeli za zamani. Ukiichomelea, pembeni ya mchomeleo chuma kinakuwa kikavu na kinapasuka. 753 iliyotoka 1976 ilikuwa karibu chuma kilekile ila kimepikwa kiwe na nguvu zaidi, na bomba likapungua unene sana, matokeo yake moto ukizidi kidogo kazi yote ya kupika imeharibika, ndo maana Reynolds walikuwa hawamuuzii fundi yeyote tu, fundi alitakiwa apeleke kazi yake ikapimwe kwanza apewe kibali. Alafu 1995 ikaja 853 ambayo ni kinyume kabisa, hiyo ukiichomelea ikapoa kwa hewa tu, eneo la mchomeleo linaongezeka nguvu. Hapo ndo fremu za chuma za kuchomelewa bila lagi zikapata chuma chao. 953 ni katikati ya miaka ya 2000, ukuta unaweza kufika milimita 0.3, fikiria 0.3, hiyo mtu akiiegemeza vibaya kwenye nguzo inabonyea. Huku kwetu sijui utaipandisha wapi kwenye daladala.

Waitaliano nao wana Columbus, kampuni ya Angelo Luigi Colombo ya Milano tangu 1919, stika yake ina njiwa. Zile maarufu za zamani ni SL na SP, chuma ni kilekile cha kromoli, tofauti ni unene tu, SL ukuta ni 0.9 kwa 0.6, SP ni 1.0 kwa 0.7, na SP walikuwa wanapewa watu wazito na fremu ndefu. Hakuna aliyekuwa anasema SP ni daraja la chini, ilikuwa ni saizi ya mtu. Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, alipoweka rekodi yake ya umbali wa saa moja Mexico City mwaka 1972, kilomita 49.431, alikuwa juu ya fremu ya Columbus iliyojengwa na Ernesto Colnago, baiskeli nzima haifiki kilo 6. Chini kabisa Columbus walikuwa na Aelle, chuma cha kaboni na manganizi, cha baiskeli za bei nafuu, na stika yake nayo ina njiwa yuleyule kwaiyo usimkimbilie njiwa, soma maandishi chini yake.

Hiyo Aelle ina kisa nakipenda. Miaka ya 90 gazeti moja la baiskeli la Marekani lilimpa fundi wa Kiitaliano, Antonio Mondonico, kazi ya kujenga fremu saba zenye vipimo sawasawa, kila moja kwa mabomba tofauti ya Columbus, kuanzia hiyo Aelle ya bei ya chini mpaka ya juu, zote rangi moja, mpandaji asijue ipi ni ipi. Jamaa alipanda zote na akashindwa kuzitenganisha kwa maana yoyote ile. Mtu mzoefu kabisa huyo, kazi yake ilikuwa kuzijaribu baiskeli na kuziandikia. Sasa we unaniambia umepanda ya jirani yako mara moja mpaka kona ya kwa Mangi ukahisi uhai wa 531. Sawa bwana.

Anachohisi mtu mara nyingi ni upana wa bomba, sio daraja la chuma. Ukakamavu wa bomba unapanda kwa mchemraba wa upana, maana yake ukitoa bomba la milimita 28.6 ukaweka la 31.8 na ukuta ukabaki uleule, uzito unaongezeka kama asilimia 11 ila ukakamavu unaruka karibu asilimia 38. Fremu za chuma za kisasa zina mabomba mapana na membamba ukuta, za zamani zina mabomba madogo, hapo kweli utahisi tofauti ukisimama kwenye pedeli. Na upepo wa tairi, jamani, upepo wa tairi unashinda vyote hivi.

Sasa twende kwenye mtumba maana ndo tunakonunulia. Kontena likifunguliwa stika nyingi zimeshakwenda, au fremu imepigwa rangi ya brashi, au stika ni mpya mno kuliko fremu, hiyo ya mwisho uikimbie. Mi nikifika naenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, na ufunguo wa kulegeza posti ya siti, ile fimbo inayobeba siti. Naitoa. Juu yake mara nyingi imegongwa namba ya upana. Ikiwa 27.2 na bomba la siti kwa nje ni 28.6, toa, gawanya kwa mbili, umebakiwa na ukuta wa 0.7, toa tena ile nafasi kidogo ya posti kuteleza, ukuta uko 0.6 hivi. Hicho ni chuma cha maana, mtu hatengenezi bomba la 0.6 kwa chuma cha ovyo. Ikiwa posti ni 25.4 kwenye bomba hilohilo, ukuta ni 1.6, hiyo ni haiteni bila kuuliza mtu, hata ingekuwa na stika za mashindano kumi. Za katikati, 26.4, 26.8, ni kromoli ya kawaida au haiteni iliyochangamka, hapo inabidi uangalie zaidi.

Posti ikishatoka, washa tochi ya simu umulike ndani ya bomba la siti. Kuna mabomba yanatengenezwa kwa kukunja bati na kuchomelea mshono, na kuna yanayovutwa bila mshono. Ya bei rahisi utaona mstari umenyooka toka juu mpaka chini, mwembamba, umeinuka kidogo kama kovu, unaweza kuusikia kwa ncha ya kidole. Usikimbie kwa sababu ya huo mstari peke yake, maana kuna kromoli nzuri zina mshono uliovutwa upya mpaka karibu haupo, lakini mstari mnene unaoonekana wazi pamoja na posti ya 25.4, hapo maongezi yameisha. Ukiona foku, ule uma wa mbele unaoshika tairi, imetoka, mulika na shina lake kwa chini, Columbus za zamani zilikuwa na matuta yaliyojiviringisha ndani kama uzi wa parafujo, ukiyakuta hayo stika haina kazi tena, muuzaji hajui ana nini.

Na kitu cha kusoma kwa makini ni maneno ya stika yenyewe. Reynolds walikuwa na stika tofauti, kuna inayosema mabomba yote, foku na ya nyuma ni 531, na kuna inayosema mabomba makuu tu, na hata hayo makuu kuna ya unene mmoja mwanzo mpaka mwisho. Zote kwa mbali zinasomeka 531. Wajapani kwa upande wao walikuwa wanyoofu zaidi, Ishiwata waliandika 022 maana seti yao ya mabomba ni kilo 2.2, na 019 ni kilo 1.9, ukijua hilo umejua yote. Tange nao Prestige yao ni kromoli iliyopikwa, iko juu kabisa. Miyata walikuwa wanavuta mabomba yao wenyewe. Hizi ndo fremu ninazosema zimelala na vumbi. Ila zile baiskeli za Japani zenye kikapu mbele na bomba la kati limeshuka, zilizojaa mjini, hizo ni chuma cha kawaida, nzuri kwa sokoni, usiulize daraja.

Kutu ni suala lingine na huku pwani lina haraka. Chuma kikiwa na kromiamu asilimia moja hakiwi kisichoshika kutu, kromoli inaoza kama nyingine, na ukuta wa 0.6 ukipoteza 0.2 umepoteza theluthi nzima, wakati wa 1.6 hata hausikii. Kwaiyo fremu nzuri ndo ya kuogopa zaidi. Igeuze kichwa chini, igonge na kishikio cha bisibisi, ukisikia mchanga unateremka ndani ukatoka unga mwekundu, angalia pale chini kwenye ekseli ya pedeli, ndo maji yanapokusanyika. Angalia pia mibonyeo ya safari ya kontena, na pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini karibu na usukani, rangi ikiwa imejikunja kama ngozi, baiskeli imeshagonga kitu, iache.

Alafu kuna suala la fundi, na hapa ndo mawazo yangu yanaachana na ya wengi. Kuna fundi mmoja mzee huku kwetu analehemu kwa gesi, nilimpelekea fremu ya kromoli ina ufa chini ya lagi ya bomba la siti, akaivua rangi kwa msasa, akaishika juani anaigeuzageuza, akanambia, "Mwanangu, hii ni nyembamba, ukiipeleka kwa wale wa umeme watakutoboa." Akaniomba siku mbili. Alitumia moto mdogo, shaba ikapita yenyewe kwenye ufa ikatokea upande wa pili, akaiacha ipoe taratibu chini ya kivuli, hataki hata upepo. Mpaka leo iko barabarani. Sasa jiulize, fremu ya 753 au 853 ya ukuta wa 0.5 nani atakutengenezea? Mashine za kuchomelea za barabarani zimewekwa kwa mageti na madirisha, chuma cha milimita mbili na kuendelea, zikigusa 0.5 ni tundu moja kwa moja. Kromoli ya kawaida, ile 4130, ambayo 30 hiyo ya mwisho ni kaboni asilimia 0.30 hivi, inavumilia kulehemiwa na kuchomelewa, haina hasira, na ikiwa 0.9 kwa 0.6 fundi mwenye gesi anaiweza. Kwa maisha ya hapa ningechukua hiyo mbele ya 853 hata kama bei ni moja.

Na kwa kazi ya mzigo mambo yanageuka kabisa. Wale jamaa wa Burundi wanaoshuka na mikungu ya ndizi toka Bugarama kwenda Bujumbura, au wabeba mkaa wetu na vile vikaria vya nondo, hawahitaji 531 na ukiwapa wataivunja. Phoenix na Hero, hizi tunazoita Black Mamba, ni mabomba manene ya chuma laini, baiskeli nzima kilo 20 hivi, ikipinda inanyooshwa kwa mtaimbo, ikikatika kijana yeyote mwenye mashine anaichomelea na maisha yanaendelea. Mtu akiniambia ile ni baiskeli ya daraja la chini namuuliza daraja la kufanyia nini. Uzito wa ziada pale unafanya kazi, ukuta mnene ndo unaobeba gunia.

Kwaiyo kwa mtu anayetaka ya kwendea kazini na safari za Bagamoyo wikiendi, mpangilio wangu wa kuchagua ni huu: kromoli ya Kijapani yenye lagi kwanza, Tange au Ishiwata, alafu 525 au Columbus SP, alafu 531 kama ndani ni kavu na bei haina wazimu. 853 chukua kama una pesa na huna tabia ya kuiegemeza baiskeli kwenye kila ukuta. 753 nunua utundike sebuleni.

Mi mwenyewe kwa sasa nina Ishiwata 022 imekaa haina posti, iliyokuja nayo ilikuwa imekatwa fupi. Natafuta 27.2 ya milimita 250 kwenda juu, ya aluminiamu, isiwe imepinda. Mwenye nayo anicheki, nitakuja na kalipa yangu.